Bei ionekane hata shambani: ukurasa wa kooperativa kwenye simu ya memba



Msimu uliopita sisi wenyewe tulikosea. Tulisaidia kooperativa moja ya kakao, upande wa Komanda, kutengeneza ukurasa wake wa intaneti. Pale ofisini Bunia, kwenye kompyuta, ulipendeza kweli: juu kabisa picha kubwa ya komite, halafu historia, halafu salamu za prezida. Bei ya kilo ilikuwa chini mwisho, kwa herufi ndogo za kijivu.

Tulipofika kijijini tukaomba mama mmoja atuonyeshe bei kwa simu yake. Akasimama juani, akangoja. Picha ikakawia kufunguka, mega zikaisha, bei haikuonekana. Akasema: "Basi, nitauliza mnunuzi tu." Hapo tukaelewa kosa letu. Mkulima akiuliza bei kwa mnunuzi, mnunuzi ndiye anaipanga.

Kinachotafutwa kiwe juu

Memba anafungua ukurasa juu ya mambo matatu: bei ya leo, siku na mahali pa kupima mazao, na nambari ya kupiga. Hayo yatangulie. Tarehe ikae karibu na bei, maana bei isiyo na tarehe inadanganya watu. Historia na picha za komite zifuate chini. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 haikuomba simu ya bei kali: orodha fupi ya maneno, swali moja, kisha lingine. Watu waliielewa.

Simu kwanza, kompyuta baadaye

Mwambieni fundi aanze na simu. Maandishi yakae kwa safu moja na yafuate upana wa kioo, mtu asisukume ukurasa kushoto na kuume. Vitufe viwe vikubwa na viachane. Kidole cha mkulima si sindano.

Picha ndiyo inakula mega. Picha moja ya simu inaweza kuwa na mega 4. Ukiipunguza mpaka kilobaiti 100, picha kama hiyo 40 zinaingia kwa uzito ule ule. Na bei msiiweke ndani ya picha ya tangazo. Iandikwe kwa maandishi, ifunguke haraka hata rezo ikiwa dhaifu.

Wote wapate habari

Tuko na wazee ambao macho yamepungua, na wengine hawaoni kabisa. Kanuni za kimataifa WCAG 2.0, zilizotolewa na W3C mwaka 2008, zinaomba tofauti ya mwangaza kati ya herufi za kawaida na nyuma yake ifike angalau 4.5 kwa 1. Kwa maneno mepesi: nyeusi juu ya nyeupe, achaneni na kijivu. Rangi peke yake isibebe habari. Bei ikishuka, andikeni "imeshuka", si kuipaka nyekundu tu.

Simu nyingi za Android zina TalkBack, programu inayosoma kioo kwa sauti. Kwa hiyo fundi aandike maelezo mafupi ya kila picha, ili simu iwe na kitu cha kusoma. Na kwa memba asiye na intaneti, SMS na kibao cha depo visiachwe.

Kabla ya kulipa fundi

Siku ya mkutano, chukueni simu ya zamani kuliko zote, tokeni nje juani. Mpeni memba ambaye hajaona ukurasa bado. Mwambieni atafute bei ya leo, na msimsaidie. Akiiona mwenyewe, lipeni. Akishindwa, fundi arudi kazini.

Ule ukurasa wa Komanda tuliufanya upya. Mstari wa kwanza sasa ni bei na tarehe yake. Picha ya komite bado iko, chini, ndogo. Prezida mwenyewe alikubali.