Harufu Nzuri Bila ya Moto

Wakazi wa Juba hawahitaji kufundishwa thamani ya manukato. Harusi ikifungwa, au mgeni wa heshima akitarajiwa, makaa hutiwa katika chetezo na bakhur ikawekwa juu yake mpaka moshi ukaenea nyumba nzima. Neno hilo la Kiarabu ndilo lililotupa buhuri katika Kiswahili, na utengenezaji wake kwa desturi ya Sudani unajulikana: vipande vya msandali hupikwa kwa sukari, vikamiminiwa manukato, kisha vikahifadhiwa katika chombo kilichofunikwa barabara. Ni kazi ya ustadi, na gharama yake si ndogo.

Lakini askari wa Bilpam na polisi wa Buluk wana shida yao. Chumba cha kambi aghalabu ni kidogo, mvua ikinyesha dirisha hufungwa, na mtu aliyetoka zamu ya usiku hulala fofofo. Makaa yanayoungua ndani ya chumba kama hicho hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Aliye macho huumwa na kichwa na kulegea viungo. Aliyelala huenda asiamke kamwe. Tena utamu wa bakhur ndio humshawishi mtu afunge mlango, ili moshi usipotee! Hapo hatujataja tukul ya nyasi, ambayo cheche moja yatosha kuiteketeza.

Basi ndugu askari anayetaka sanduku lake la sare linukie vizuri, au mkewe anayetaka chumba kiwe na harufu ya kupendeza, anaweza kuyaacha makaa nje na kutumia maua makavu ya bustani. Wanawake wa Unguja na Lamu hutunga vikuba vya asumini na mrehani, wakavivaa kifuani au nyweleni. Hayo ni manukato ya usiku mmoja. Kesho yake yamenyauka. Yanayokusudiwa hapa hudumu kwa miezi. Wafaransa waliyaita kwa jina lenye maana ya chungu kilichooza, kwa sababu zamani maua hayo yalivundikwa kwa chumvi yakiwa bado na unyevu. Njia ya kukausha ni safi zaidi, nami naiona ndiyo inayofaa kambini.

Si kila ua linalonukia hufaa. Asumini, pamoja na sifa zake zote, likikauka hupoteza sehemu kubwa ya harufu. Waridi huitunza vyema. Majani nayo hushinda maua mengi: mrehani na mchaichai, pamoja na maganda ya ndimu. Bogenvilia haina harufu, ila rangi yake hupamba mchanganyiko. Oleanda, ikiwapo uani, iachwe kabisa, kwa kuwa kila sehemu yake ni sumu na watoto hawachelewi kutia kitu kinywani.

Maua huchumwa asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Anayeanika karkade anaijua nusu ya kazi. Tofauti ni kwamba hapa jua ni adui, maana hupeperusha harufu na kufifisha rangi. Petali zitandazwe juu ya ungo, kivulini, penye upepo, zisilaliane. Kati ya Desemba na Machi, hewa ya Juba ikiwa kavu, siku chache zatosha. Zikivunjika kwa kidole ziko tayari. Msimu wa mvua kazi hii ni ngumu, na petali zilizoota ukungu hazina budi kutupwa.

Kwa vikombe 4 vya petali na majani makavu, tia kijiko kikubwa 1 cha karafuu zilizopondwa na kimoja cha mdalasini, viungo ambavyo wauza chai wa mjini hawavikosi. Kisha ongeza kijiko cha ubani uliotwangwa au unga wa msandali, wala usikiruke. Harufu ni mafuta mepesi yanayoruka hewani, na ubani huyachelewesha. Pasipo huo, mchanganyiko hupoa mapema. Funga yote katika kopo kavu kwa wiki 4 hadi 6, ukilitikisa kila baada ya siku mbili.

Baada ya hapo, shona vifuko vya kitambaa chepesi. Kimoja chatosha sanduku moja, kikifungwa kwenye kifuniko mbali na nguo, kwani mafuta ya karafuu huweza kuacha doa. Viatu na sare zikaushwe kwanza. Kifuko hakiondoi unyevu. Wala kisidhaniwe kuwa badala ya chandarua, kwa maana mbu wa malaria hazuiliki kwa waridi. Harufu ikififia, kifuko kifikichwe kwa vidole, na isipozinduka kifunguliwe kiongezwe karafuu mpya.