Mkongo wa simu unaopima ardhi chini ya miji

Kamati ikitaka kujenga zahanati au darasa, huuliza kwanza bei ya saruji na mabati. Ni wachache wanaouliza habari za udongo utakaobeba msingi. Lakini tetemeko la ardhi likitokea, udongo huo huchangia sana kuamua nani atapata madhara, kwa sababu udongo laini hutikisika kuliko mwamba. Mji wa Bukoba ulipotikiswa tarehe 10 Septemba 2016, watu zaidi ya 10 walipoteza maisha na nyumba nyingi zilibomoka.

Katika toleo hili tunaeleza njia mpya ya kuifahamu ardhi ya mijini, kwa kutumia nyaya za faiba zilizokwisha kufukiwa kwa ajili ya simu na intaneti.

Inafanyaje kazi?

Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Kwa kawaida mwanga hupita humo ukibeba sauti, picha na maandishi. Mara nyingi kampuni hulaza nyuzi nyingi kuliko zinazohitajika, na baadhi hukaa bila kazi. Wataalamu huomba uzi mmoja kati ya hizo, kisha hufunga mashine ya leza kwenye ncha yake.

Mashine hurusha mwanga mara nyingi kwa kila sekunde. Kioo hakikosi kasoro ndogo ndogo, na kila kasoro hurudisha nyuma mwanga kidogo. Ardhi ikitikisika, uzi huvutika kidogo sana, na mwanga unaorudi hubadilika. Muda uliotumiwa na mwanga kurudi huonyesha ni wapi uzi umevutika. Hivyo uzi mmoja hufanya kazi ya mamia au maelfu ya vipima-tetemeko vilivyopangwa mstari mmoja.

Si lazima kungoja tetemeko. Magari na treni hutikisa ardhi mchana na usiku. Mitikisiko hiyo hukimbia haraka katika mwamba na polepole katika udongo laini. Mawimbi marefu hufika chini zaidi kuliko mafupi. Kwa kulinganisha mwendo wao, wataalamu huchora ramani ya tabaka za ardhi bila kuchimba barabara.

Imejaribiwa wapi?

Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilianza kutumia uzi wa karibu kilomita 5 uliopitishwa katika mabomba ya simu chini ya chuo. Kikundi cha Profesa Biondo Biondi kilinasa matukio zaidi ya 800 katika mwaka wa kwanza, yakiwemo matetemeko makubwa ya Mexico ya Septemba 2017. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State walianza kazi kama hiyo katika mji wa State College, uliojengwa juu ya miamba ya chokaa ambayo maji huila na kuacha mashimo. Uzi wao ulinasa hata ngurumo za radi.

Mipaka yake

Mashine ya leza ni ghali. Uzi uliolegea ndani ya bomba husikia vibaya kuliko ule ulioshikwa na udongo. Ramani inayopatikana ni makadirio, wala si picha kama ya kamera. Tena, uzi unaweza kutambua nyayo na magari yanayopita, kwa hiyo wananchi wana haki ya kujua nani anatunza habari hizo.

Na sisi je?

Mikongo mikubwa ya baharini ilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na tangu hapo faiba imefukiwa kando ya barabara nyingi. Nyuzi tunazo. Kinachohitajika ni mashine, wataalamu na ridhaa ya wenye nyaya. Wakati huo ukifika, wafadhili wasisahau kwamba kupima ardhi ni sehemu ya kujenga.

Hadi hapo, tusijenge gizani. Chimbeni shimo la majaribio, na mwiteni mhandisi wa halmashauri alikague.

Maswali ya kujadili

1. Wazee wanakumbuka nini kuhusu kiwanja chetu? Kilikuwa bwawa, dampo au machimbo?
2. Je, bajeti yetu ina fungu la kupima udongo?
3. Nyufa za majengo yetu ya zamani zinatufundisha nini?