Hali ya usingizi ya kompyuta ya mezani

Hali ya usingizi ni hali ambayo kompyuta huzima sehemu zake nyingi ili kupunguza matumizi ya umeme, huku kazi zilizofunguliwa zikibaki kwenye kumbukumbu ya RAM. Mtumiaji akibonyeza kitufe au kusogeza kipanya, mashine huamka kwa sekunde chache na kuendelea pale ilipoachwa.

Kanuni zake zimo katika sanifu iitwayo ACPI, iliyotolewa mwaka 1996 na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba. Tangu mwaka 2013 inasimamiwa na UEFI Forum. Katika ACPI, S0 ni kompyuta iliyo kazini, S3 ni usingizi wa kawaida, S4 ni usingizi mzito na S5 ni kuzimwa. Katika S3 RAM huendelea kupata umeme, pamoja na vifaa vichache vinavyosubiri kuiamsha mashine. Katika S4 yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwanza kwenye diski, ndipo umeme wa RAM hukatwa.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa kompyuta ya mezani, kwa kuwa haina betri kama ile ya mapajani. (Kibetri cha mviringo kilichopo kwenye ubao mama hutunza saa na mipangilio tu.) Umeme ukikatika mashine ikiwa katika S3, kila kisichohifadhiwa hupotea. Mwalimu aliyejaza alama za darasa zima akaenda kula bila kuzihifadhi atarudi kuanza upya. Panapokatika umeme mara kwa mara, ni afadhali kuchagua S4, hata kama kuamka kwake huchukua muda zaidi.

Kompyuta isiyoamka

Hili ndilo tatizo linalosumbua wengi: feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi. Kabla ya kuizima kwa nguvu, bonyeza Caps Lock mara mbili. Taa yake ikiwaka na kuzimika, kompyuta huenda imeamka na kasoro iko upande wa picha, yaani waya, skrini yenyewe au programu endeshi ya kadi ya picha. Kama imeunganishwa kwenye mtandao, faili bado zinaweza kuokolewa kutoka kompyuta nyingine. Taa isipobadilika, mashine pengine imeganda, na hapo hakuna njia ila kushikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa.

Baada ya hapo sasisha programu endeshi ya kadi ya picha, kisha BIOS ya ubao mama. Kusasisha BIOS kusifanywe umeme ukiwa wa wasiwasi, maana ukikatika katikati ubao unaweza usiwake tena. Kama RAM imewekewa kasi kuliko ya kawaida, irudishe kwenye kasi yake na ujaribu tena.

Kompyuta inayoamka yenyewe au kukataa kulala

Kipanya kinachotikiswa na meza, kadi ya mtandao au ratiba ya masasisho vinaweza kuiamsha mashine usiku wa manane. Katika Windows, amri ya powercfg /lastwake huonyesha kilichoiamsha mara ya mwisho, na powercfg /devicequery wake_armed huorodhesha vifaa vyenye ruhusa hiyo. Ruhusa huondolewa kwenye sifa za kifaa husika. Mashine ikikataa kulala, powercfg /requests, inayohitaji haki za msimamizi, hutaja programu inayoizuia. Mara nyingi ni ya muziki au video.

Katika Linux vyanzo vya kuamka huonekana katika /proc/acpi/wakeup. Faili ya /sys/power/mem_sleep huonyesha aina ya usingizi inayotumika, ikiwa ndani ya mabano ya mraba: deep kwa kawaida ni S3, na s2idle ni usingizi mwepesi unaookoa umeme kidogo zaidi kuliko kuiacha mashine ikiwaka bila kazi.