Diski Nayo Inakula

Nilisimama Tingi kununua maji tu. Karakana ya kuchomelea ilikuwa hatua chache kutoka dukani, kando ya barabara kuu ya Lindi, na ukutani, katikati ya namba za simu na hesabu za chaki, palibandikwa karatasi yenye mchoro wa grili ya dirisha. Ulikuwa mchoro wa kompyuta, safi. Kilichoning'ang'aniza pale ni utepe mrefu uliochorwa chini ya dirisha, umegawanywa vipande, na kati ya kipande na kipande pana kijistari chekundu, chembamba kama unywele. Nikamuuliza fundi ni cha nini.

"Hapo diski inakula, dada."

Ni kijana mwenye kovu la cheche kwenye mkono wa kulia. Aliomba nisimtaje jina. Alijifunza kuchora chuoni, na kuchomelea alijifunza kwa mjomba wake, na anasema vitu hivyo viwili vilikaa kichwani mwake miaka kadhaa bila kusalimiana. Utepe ule ni paipu nzima ya mita sita, kama inavyoshushwa kwenye lori. Vijistari vyekundu ni upana wa diski ya grainda, milimita tatu.

Akachukua chaki, akainama sakafuni. Paipu ya milimita 6,000. Unataka vipande vitano vya 1,200. Kwenye karatasi vinatosha, tena hakibaki kitu. Kata mara nne: kila mkato diski imekula tatu, jumla 12. Kipande cha tano kinatoka na 1,188. "Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa hivyo. Mjomba alikishika kile kipande, akaniangalia, hakusema neno. Paipu nyingine ikakatwa kwa ajili ya sentimita moja na kidogo."

Nilizitazama zile namba nyeupe sakafuni nikaona aibu kwa niaba ya kila mchoro mzuri niliowahi kuusifia.

Programu za kuchora zimekuwepo muda mrefu. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na leo zipo za bure kama FreeCAD na LibreCAD zinazoweza kufanya kazi hata kwenye kompyuta iliyochoka. Fundi huyu anasema kasi yake haikuongezwa na kompyuta mpya. Iliongezwa siku alipoacha kuchora mistari na kuanza kuchora vitu. Zamani grili yenye nondo tisa aliichora nondo moja moja. Mteja akibadili kipimo, anafuta zote, anaanza upya usiku. Sasa ana kiolezo. Fremu ya nje 1,200, paipu ya 40 kila upande, ndani inabaki 1,120. Nondo tisa za 16 zinachukua 144. Kinachobaki kinagawanywa kwa nafasi kumi: 97.6 kila moja. Fomula ameiandika mara moja. Anabadili upana, nondo zinajipanga zenyewe na utepe wa chini unajikata upya.

Jambo jingine ni dogo, lakini alilirudia mara tatu: vipimo vyote vya fremu huandikwa kwa nje. Kona ya nyuzi 45 ina urefu wa nje na urefu wa ndani, na kwa paipu ya 40 tofauti ni milimita 80. Mchoraji akipima ndani na mkataji akasoma nje, dirisha halitaingia ukutani hata mkiliombea dua.

Kwa nini ahangaike hivyo na milimita? Kwa sababu paipu yake inatoka Dar es Salaam. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara upande wa Somanga, chuma kilichokuwemo karakanani ndicho kilichokuwa chuma pekee. Aliniambia ndipo alipoanza kuchora paipu kwanza, dirisha baadaye.

Nilipokuwa namsikiliza, akili yangu ilikwenda kusini, Kilwa Kisiwani. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani yetu ni virefu na vyembamba, upana kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko ingeweza kubeba dari. Mafundi waliozijenga nao walianza na mti uliokuwepo. Sijui kwa nini vijana wetu wanafundishwa amri za programu kwa miezi bila kusimamishwa hata siku moja mbele ya grainda.

Na nani analipia mchoro? Tingi mtu hulipia dirisha. Mteja mmoja aliuomba mchoro "auonyeshe nyumbani", akaupeleka kwa fundi mwingine, mwenye bei ya chini. Tangu hapo kijana huyu huwa anautuma mchoro bila utepe. Nilimuuliza kama si kuficha ujuzi. Alinyamaza kidogo. "Ningependa kuwafundisha, dada. Lakini nile nini?"

Simu ikalia. Mwenye dirisha la kwenye mchoro wa ukutani anataka liongezwe upana, sentimita kumi. Akafungua kompyuta juu ya benchi, akaandika 1,300. Nondo zikasogea. Utepe wa chini ukapita mwisho wa paipu, kipande cha mwisho kikabaki nje, hewani.

Akaguna, akaenda kwenye rundo la mabaki nyuma ya mlango, akachomoa futi kamba na kuanza kuyapima moja moja.