Wageni Wengi, Wanunuzi Hakuna

Ukilipia kifurushi cha kuhifadhi tovuti ya duka lako, huenda ukaona maelfu ya wageni usiku kucha ilhali hakuna hata mmoja aliyenunua. Mara nyingi hao si watu bali ni roboti, yaani programu zinazofungua kurasa moja baada ya nyingine na kumaliza data uliyolipia. Faili iitwayo robots.txt, utaratibu ulioanza mwaka 1994, huziarifu kurasa zisizopaswa kuzifungua. Lakini hilo ni ombi tu, na roboti kaidi hulipuuza. Tunashauri umtake mtoa huduma aweke kikomo cha maombi kwa kila anwani ya IP. Usizifungie zote: ukiizuia roboti ya Google, itawawia vigumu wateja kukuona wanapotafuta. Na ukidaiwa malipo ya ziada, omba kwanza kumbukumbu za maingilio kabla ya kukubali kuuziwa kifurushi kikubwa zaidi.