Mambo ya kukagua kabla ya kununua pikipiki kuukuu ya springi za nje

Kununua pikipiki kubwa iliyokwishatumika ni jambo linalohitaji utulivu. Utulivu huo huhitajika zaidi pale pikipiki yenyewe inapokuwa na uma wa mbele wa springi za nje, aina iliyorejeshwa sokoni na kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani mwaka 1988.

Pikipiki hizo, zinazojulikana kwa jina la Springer, hupendwa kwa sababu ya sura yake ya zamani. Hata hivyo, sura hiyo ndiyo inayoweza kumponza mnunuzi, akaishia kutazama kromu inayong'aa na kusahau kukagua viungo vinavyobeba gurudumu la mbele. Viungo hivyo vikilegea, usukani hupoteza uthabiti na maisha ya mpandaji huwa hatarini.

Uma wa aina hiyo, ambao mafundi huuita foku, si kitu kipya. Harley-Davidson, iliyoanzishwa mjini Milwaukee mwaka 1903, iliutumia kwa miongo kadhaa. Mwaka 1949 pikipiki zake kubwa zikaanza kufungwa uma wa mabomba yanayoingiliana yenye mafuta ndani, katika toleo lililoitwa Hydra-Glide. Miaka 39 baadaye, kampuni ilipotimiza miaka 85, ikatoa Springer Softail na springi zikaonekana tena.

Springer Softail iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2006. Nyingine ni Heritage Springer iliyoanza mwaka 1997 na kukoma 2003, Springer Classic ya mwaka 2005 hadi 2007, na Cross Bones ya mwaka 2008 hadi 2011. Kwa hiyo, hata iliyo changa kati ya hizo imekwishapita miaka zaidi ya kumi barabarani.

Uma huo una jozi mbili za miguu. Jozi ya nyuma imeshikamana na shingo ya usukani na haipandi wala kushuka. Jozi ya mbele ndiyo inayosogea. Kule chini, miguu ya kila upande huunganishwa na kipande kifupi cha chuma kinachocheza mithili ya mkono wa mzani, na ekseli ya gurudumu hupita katika vipande hivyo viwili. Gurudumu likipanda tuta, vipande hivyo huisukuma miguu ya mbele, nayo husukuma springi zilizo juu. Shokapu moja iliyo katikati huzuia pikipiki isiendelee kurukaruka.

Ukaguzi uanzie hapo chini. Gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, kisha mnunuzi ashike gurudumu na kulisukuma mbele na nyuma, huku mwenzake ameweka kidole kwenye kiungo cha kile kipande kifupi. Kidole kikihisi mgongano, bushi au beringi za kiungo hicho zimelika. Mgongano ukihisiwa juu, tatizo huenda liko kwenye beringi za shingo ya usukani.

Gurudumu likiwa bado juu, usukani uzungushwe polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukinasa katikati, njia za beringi zimechimbika na beringi hazina budi kubadilishwa.

Hatua inayofuata ni kutazama chuma chenyewe. Miguu iangaliwe kwa tochi, hasa mahali palipounganishwa kwa moto na penye matundu ya boliti, kutafuta nyufa, kutu au dalili za kupinda. Kromu iliyopakwa upya isichukuliwe kuwa sifa kabla ya kuuliza sababu yake, kwa kuwa inaweza kuficha ukarabati uliofanywa baada ya ajali. Shokapu inayovuja mafuta, au tairi la mbele lililolika kwa mabonde, ni dalili nyingine za uma usiofanya kazi ipasavyo.

Breki nayo ina utaratibu wake. Kifaa kinachobana diski huzuiwa kuzunguka na gurudumu kwa fimbo maalumu ya chuma, yenye bushi zake. Pikipiki iendeshwe taratibu na breki ya mbele ikamatwe kidogo kidogo. Mlio wa kugonga unaweza kumaanisha kwamba bushi hizo zimekwisha. Mnunuzi asishangae, hata hivyo, akiona pua ya pikipiki haizami sana anapofunga breki. Hiyo ni tabia ya uma huo, si ubovu.

Injini hutegemea mwaka. Zilizotengenezwa hadi mwaka 1999 zina injini ya Evolution ya sentimita za ujazo 1340, ambayo hufaa kuangaliwa kama inavuja mafuta kwenye tako la silinda. Za mwaka 2000 hadi 2006 zina Twin Cam 88B ya sentimita 1450. Hizi zina vibao vya plastiki vinavyokaza minyororo ya kemshafti, navyo hulika na vipande vyake kuingia katika mafuta, hata kuharibu pampu. Muuzaji aombwe stakabadhi ya kubadilishwa kwake. Kuanzia mwaka 2007 injini ilikuwa ya sentimita 1584, na ukazaji wa minyororo hiyo ukafanywa kwa nguvu ya mafuta.

Aidha, si kila uma wa springi ulitoka kiwandani. Wapo waliofunga uma wa kununua kando, wakati mwingine mrefu kuliko wa awali, jambo linalobadilisha pembe ya usukani na namna pikipiki inavyokata kona. Namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, iliyopigwa kwenye shingo ya fremu, ilinganishwe na hati ya umiliki.

Mnunuzi aliye mbali na Marekani azingatie pia kwamba vipuri vya uma huu havipatikani katika kila duka. Gharama ya kuviagiza, pamoja na ya fundi, iondolewe kwenye bei anayotajiwa kabla hajatoa fedha. Muuzaji akikataa gurudumu lisiinuliwe, ni heri kutafuta pikipiki nyingine.