Lini Uingize Gia ya Tano

Land Cruiser inayotoka Arusha alfajiri kwenda Soitsambu, tarafa ya Loliondo, hupita kwenye kila aina ya barabara kabla ya jua kuzama. Kuna lami iliyonyooka kutoka Kisongo hadi Makuyuni, kuna ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, kuna ukingo wa kreta ya Ngorongoro wenye ukungu na tope jekundu, kisha vumbi la Serengeti hadi lango la Klein's, Ololosokwan na hatimaye Soitsambu. Katika safari hiyo yote, gia inayotumiwa vibaya kuliko nyingine ni ya tano. Wapo wanaoiingiza mara tu gari linapochangamka, kwa kuwa wameambiwa inapunguza dizeli. Wengine husahau kuitoa. Gia hii ni ya kutunza mwendo ambao gari limekwisha kuupata. Haikutengenezwa kuuleta mwendo huo.

Chukua Land Cruiser ya familia ya 70 yenye injini ya 1HZ, ile inayobeba watalii, wagonjwa na maofisa wa halmashauri kote wilayani Ngorongoro. Ukiwa gia ya kwanza, injini huzunguka zaidi ya mara nne ili shafti inayokwenda kwenye difu izunguke mara moja. Gia ya nne ni moja kwa moja: injini mara moja, shafti mara moja. Ya tano hugeuza mambo, kwa maana shafti huzunguka haraka kuliko injini. Shafti ikizunguka mara 100, injini imezunguka kama mara 88 tu. Anayeng'oa jiwe shambani kwa mtaimbo anaijua biashara hii. Akishika ncha ya mbali, mkono husafiri sana na jiwe hujongea kidogo, lakini linajongea. Akisogeza mkono karibu na jiwe, hatembei sana, ila uzito wote unamrudia yeye.

Kuna jambo jingine ndani ya giaboksi ambalo dereva halioni. Katika gia ya nne, nguvu hupita kutoka injini hadi shafti ya nyuma bila kubebwa na meno ya gia. Katika gia ya tano lazima ishuke kwenye shafti ya pembeni, kisha irudi juu kupitia jozi ya gia ambayo kwa kawaida hukaa mwishoni kabisa mwa giaboksi. Kwa hiyo gari lililojaza abiria, mapipa ya maji na matairi ya akiba juu ya paa, au linalovuta tela, lina haki ya kubaki gia ya nne hata kwenye lami nzuri. Hapo dereva hachezei mafuta. Anaupitisha mzigo mahali palipo imara.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu mazungumzo ya gia huishia kwenye ubishi wa kijiweni. Gari lenye difu ya uwiano wa 4.1 na matairi ya 7.50-16 likienda kilomita 80 kwa saa, injini huzunguka kama mara 2,200 kwa dakika katika gia ya nne, na kama 1,950 katika ya tano. Kwa kilomita 50 kwa saa, ya nne hutoa karibu 1,400 na ya tano karibu 1,200. Injini ya 1HZ ina lita 4.2 na silinda sita, haina tabo, na uwezo wake mkubwa wa kuvuta uko jirani na mizunguko 2,200. Ukiwa gia ya tano utaufikia ukikaribia kilomita 90 kwa saa. Chini ya 70, hasa gari likiwa limebeba, ya tano huiacha injini mahali ambapo haina cha kutoa. Zipo Land Cruiser za kazi zisizo na mshale wa mizunguko kwenye dashibodi, na dereva wake hutegemea sikio na mguu. Ongeza mafuta kidogo. Gari likijibu, baki hapo. Likinguruma kwa sauti nzito, likatetemeka hadi kwenye usukani na mwendo usipande, rudisha gia. Kuongeza mguu si dawa.

Kipande cha Makuyuni hadi lango la Ngorongoro kiliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, na ndicho darasa bora la somo hili. Kabla ya Mto wa Mbu ni tambarare. Hapo gia ya tano iko nyumbani, isipokuwa kila baada ya muda kuna kijiji, kibao cha 50, askari mwenye tochi na ng'ombe wanaovuka. Ukishuka hadi 50, toka gia ya tano mapema, halafu endelea kwa ya nne au ya tatu. Dereva anayepita kijiji kizima na gia ya tano kwa mizunguko 1,200 hana nguvu ya kulikwepa jambo lolote litakalojitokeza. Ana breki peke yake.

Baada ya Mto wa Mbu ukuta unaanza. Hapa ya tano haina nafasi, lakini kosa la wengi ni kuiacha iendelee kupanda hadi gari lenyewe likatae. Badilisha kabla mlima haujakula mwendo. Injini ya dizeli inayolazimishwa kuvuta kwa mizunguko michache huingiza mafuta mengi kuliko hewa inayoweza kuyachoma, ndiyo maana moshi mweusi hutoka nyuma. Joto hupanda, na wakati huohuo pampu ya maji na feni, ambazo zote zinaendeshwa na injini hiyohiyo, zinazunguka polepole. Yaani mahitaji ya kupoza yanapanda, na kifaa cha kupoza kinalegea. Mshale wa joto unaopanda kwenye kona za Mto wa Mbu mara nyingi hautokani na rejeta mbovu. Gari hilo linahitaji gia ya tatu au ya pili, mizunguko ichangamke, maji yatembee. Injini inayolia kwa sauti ya juu lakini nyepesi ina raha kuliko ile inayoguna.

Mwinuko nao unaongeza ugumu. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na ukingo wa kreta unazidi mita 2,200. Kwenye ukingo huo hewa inayoingia kwenye silinda ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Dar es Salaam. Gari lenye tabo linaweza kuifidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ya 1HZ haiwezi. Mwinuko mdogo ambao gari hilo lingeupanda kwa gia ya tano kule Bagamoyo, Ngorongoro litaupanda kwa ya nne, na hilo halimaanishi kwamba injini imechoka.

Kushuka ni sura nyingine, na hapa nataka kuwa mkali. Gia ya tano ndiyo inayoshika gari kidogo kuliko zote kwenye mteremko. Wazee wa barabara hufundisha kwamba mlima uliopanda kwa gia ya pili uuteremke kwa ya pili, nami siongezi neno. Anayeteremka kutoka ukingo wa kreta kwa ya tano anaziachia breki kazi yote, na breki zikishika moto hupoteza uwezo wakati ule ule unapozihitaji. Kibaya zaidi ni kuweka frii ili kuokoa mafuta. Gari likiteremka kwenye gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, pampu ya dizeli hukata mafuta na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inaanza kunywa tena ili isizime. Umejinyima breki ya injini na dizeli pia imetumika.

Tuingie kwenye dizeli yenyewe, maana ndiyo hoja ya wanaoipenda gia ya tano. Kutoka ya nne kwenda ya tano kwa mwendo uleule hupunguza mizunguko kwa kama asilimia 12. Kuna akiba, ila ni ndogo. Adui mkubwa ni upepo. Nguvu ya hewa inayolisukuma gari nyuma hukua kwa mraba wa mwendo: kwa kilomita 100 kwa saa ni karibu mara moja na nusu ya ile ya kilomita 80. Gari la utalii lenye paa la kunyanyuka na kichanja cha mizigo juu linapigana na ukuta wa hewa. Anayekwenda 80 kwa gia ya nne atatumia dizeli kidogo kuliko anayekwenda 100 kwa gia ya tano, na mwenye gari anayewahimiza madereva wake watumie ya tano angewaomba kwanza wapunguze mwendo.

Wenye magari ya michezo wana mjadala uleule, ingawa majibu yao yanatofautiana. Chevrolet Corvette ya kizazi cha 1997 hadi 2004 yenye gia sita ina gia ya mwisho ya uwiano wa 0.50. Kwa kilomita 100 kwa saa injini yake ya lita 5.7 huzunguka kama mara 1,400 tu, na inaweza, kwa sababu ni injini kubwa yenye mvuto tangu chini. Hata hivyo gari hilo hufikia kasi yake ya juu kabisa kwa gia ya tano. Ya sita ni ya safari ndefu. Mazda MX-5 inayouzwa tangu 2015 ina gia ya sita iliyo moja kwa moja, kama ya nne ya Land Cruiser. Toyota Altezza RS200 ya gia sita, ambayo vijana wa mijini wanaifahamu vizuri, ina injini ya lita 2 inayotoa nguvu yake kubwa mizunguko ikizidi 7,000. Ukimwekea mwenye Altezza gia ya mwisho kwa mizunguko 1,400 kama ya Corvette, gari litalala. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye kirungu cha gia haitoshi kukuambia kitu. Uliza uwiano wake, na uliza injini inavutia wapi.

Turudi Soitsambu. Kuanzia lango la Ngorongoro njia ya kupitia Serengeti ni ya udongo, na ndani ya hifadhi mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Kisheria na kiufundi gia ya tano haina kazi huko. Kishawishi huja pale mikunjo ya barabara inapolitikisa gari na dereva anagundua kwamba akikimbia zaidi mtikisiko unapungua. Hapo huingiza ya tano na kuelea. Lakini gari linaloelea juu ya mikunjo limegusa ardhi kidogo, na kundi la mbuzi likitokea kwenye vumbi hakuna breki wala injini itakayolishika gari haraka. Kati ya Ololosokwan, Soitsambu na Waso, gia ya tatu na ya nne zinatosha kwa siku nzima.

Mahali pa karibu ambapo ya tano inastahili kutumika ni lami ya Waso hadi Sale, kilomita 49, sehemu ya barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Loliondo. Hata pale, iingize panaponyooka na mwendo ukiwa umezidi 70, na uitoe kabla ya mteremko, kabla ya kupita gari la mbele na kabla ya mifugo. Ukitaka kulipita lori, rudi ya nne kwanza, sikia injini imeshika, ndipo utoke.

Barabara hiyo ni nzuri pia kwa kulisikiliza giaboksi. Nenda mwendo wa kawaida, kisha badilisha kati ya ya tatu, ya nne na ya tano huku ukitega sikio. Mlio ukisikika kwenye gia zote isipokuwa ya nne, bearingi za shafti ya pembeni ndizo za kushuku, kwa kuwa katika ya nne shafti hiyo haibebi mzigo. Mlio ukiwa kwenye ya tano pekee, tatizo liko kwenye jozi ya gia hiyo au bearingi yake. Mwagize fundi akague kiasi cha mafuta ya giaboksi na kama yana unga wa chuma, na hadi atakapokujibu endesha kwa gia ya nne.